Mgonjwa Hakabidhiwi Bila Mgeni Rasmi

Jina la nchi yetu halitajwi mtu akiwa ameketi, na mimi naandika nimeketi kwa sababu magoti yananisumbua, kwa hiyo mtanisamehe nisipolitaja. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, yenye mlima, yenye mito miwili mitatu, na yenye Wizara ya Afya, Ustawi na Itifaki. Mkidhani mnaijua, hayo ni yenu.

Kwa muda mrefu hospitali zetu zilikuwa na tatizo dogo la wagonjwa kupotea. Hawakupotea porini. Walipotea wakiwa vitandani mwao, pale zamu moja ya wauguzi inapotoka na nyingine inapoingia. Nesi wa asubuhi alikuwa akipitisha kichwa mlangoni, anasema, "Wapo humo, wote wazima," kisha huyo, bodaboda inamngoja. Nesi wa jioni anaingia anakuta watu wamelala. Nani kameza dawa na nani hajameza, nani kafunga kwa ajili ya upasuaji na nani kafunga kwa sababu ndugu zake hawajaleta uji, hayo alijua Mungu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alipasuliwa ngiri Jumatatu, ikatolewa vizuri sana. Jumanne zamu nyingine ikampasua tena kuitafuta. Bwana mwingine alikwenda kumtazama mkewe aliyejifungua, akajiegesha kwenye kitanda kitupu, akaamka ana dripu mkononi na ameandikiwa lishe ya mzazi. Nasikia ile lishe ilimfaa.

Wananchi tuliyavumilia hayo, maana kuvumilia ndiyo kazi ambayo nafasi zake hazijawahi kuisha nchini kwetu. Lakini siku moja aliyepotea alikuwa shemeji yake Rais. Alikwenda kung'olewa jino, akapatikana wodi ya mifupa, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa juu. Rais alikasirika hadharani. Akatoa agizo kwamba wauguzi na waganga wote wafundishwe kukabidhiana wagonjwa kwa usalama.

Lilikuwa agizo zuri. Nililipigia makofi nyumbani kwangu, peke yangu, mbele ya redio.

*

Wizara ikamwita Sista Gaudensia Mbawala, mkufunzi wa wauguzi wa siku nyingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia. Aliwakusanya wauguzi wa hospitali ya mkoa wetu ndani ya wodi, akawasimamisha wawili wawili kando ya kitanda.

"Wewe unatoka, wewe unaingia," akasema. "Simameni hapa, mgonjwa awasikie. Unayetoka, sema huyu ni nani, anaumwa nini, amefanyiwa nini, na kitu gani cha kuchunga. Unayeingia, rudia ulichosikia. Ukikosea, urekebishwe. Kama hamjaelewana, hakuna kuondoka."

"Na baada ya hapo, Sista?" akauliza mmoja.

"Baada ya hapo kamhudumie mgonjwa, mwanangu. Ulifikiri nini?"

Mafunzo yakaisha kabla ya saa ya chai, na hapo ndipo yalipoharibika. Kwa taratibu zetu, mafunzo yanayoisha kabla ya chai hayana chai. Yasiyo na chai hayana posho. Na yasiyo na posho hayajafanyika. Afisa Itifaki wa Wizara, Bwana Sefania Kilindo, aliyekuwa ametumwa kusimamia, alirudi makao makuu amefadhaika kabisa.

"Waheshimiwa," aliwaambia wakubwa wake, "nimeshuhudia kwa macho yangu binadamu wakikabidhiwa kienyeji. Kwa mdomo! Hakuna hema, hakuna utepe, hakuna hata kiti cha mbele. Kama watu wanaoachiana mtoto sokoni."

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Makabidhiano Salama. Kamati ikazunguka nchi nzima kujifunza jinsi Taifa linavyokabidhi vitu. Ikaona madawati yakikabidhiwa, ikaona trekta, ikaona kisima, ikaona choo cha shule chenye matundu mawili. Kote huko ilimkuta mgeni rasmi, meza kuu yenye kitambaa, kwaya, risala na utepe. Choo kile kilikuwa kimemngoja mgeni rasmi mwaka mzima kikiwa kimefungwa kufuli, na wanafunzi wakaendelea kwenda kichakani kwa utulivu na nidhamu.

Kamati ikajiuliza swali la haki: je, mgonjwa ni duni kuliko dawati? Wajumbe wote wakajibu hapana. Basi ukatoka Mwongozo. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa atakayekabidhiwa kutoka zamu moja kwenda nyingine bila mgeni rasmi. Zamu inayotoka itasoma risala. Utepe utakatwa. Zamu inayoingia haitamgusa mgonjwa kabla ya utepe, kwa kuwa kugusa kitu kisichokabidhiwa ni wizi. Na zamu inayotoka haitamgusa baada ya sherehe kufunguliwa, kwa kuwa hapo imeshaanza kukabidhi.

Sista Gaudensia alinyoosha mkono kwenye kikao cha kuupitisha. "Na mgonjwa akizidiwa katikati ya risala?"

"Swali zuri sana," akasema Bwana Kilindo, na ukumbi ukapiga makofi kwa uzuri wa swali. "Litajibiwa katika awamu ya pili."

Sista akapewa cheti cha shukrani na tiketi ya basi ya kurudia kijijini kwao. Nilimwona stendi siku hiyo, amekalia begi lake. Nilimsalimia, akaitikia, kisha akasema bila kuniangalia, "Kitu chenyewe kilikuwa kidogo tu, jamani."

*

Mafunzo mapya yalifanyika hotelini, na ninasema bila kinyongo kwamba yalifana. Wauguzi walifundishwa kushika mkasi, kukunja utepe, kusimama kwa tabasamu na kupiga makofi ya aina tatu: ya kawaida, ya heshima, na ya mpaka mkubwa atakapokaa. Wodi zilibaki na wafagiaji kwa muda wote huo. Mtihani wa mwisho ulikuwa kuandika risala, na aliyeongoza ni Nesi Pili Makwinya, ambaye wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwa na kelele na mkono wake wa sindano ulikuwa mwepesi. Aliyeshika mkia ni Nesi Otmari. Alikuwa ameandika risala ya mstari mmoja, "Mgonjwa anaumwa," ikarudishwa kwa kukosa utangulizi.

Sasa lazima niwaambie habari za dada yangu, maana ndiko ninakokwenda, na nimekuwa nikichelewa makusudi.

Dada Mwamvua alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa ukoko wa ugali na makofi ya mgongoni. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi na alikijua kama anavyojua sufuria zake. Ukimchoma insulini, ale. Asipokula, sukari inashuka, anatoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno ya ajabu. Ukizidi kuchelewa, anazimia. Nyumbani kwetu hata watoto walijua hivyo. Walijua sukari iko kopo gani.

Alilazwa kwa sababu ya kidonda cha mguu, na kidonda kilikuwa kinapona. Alishaanza kugombana na wapishi wa hospitali kuhusu maharage, na kwa dada yangu hiyo ndiyo dalili ya afya. Wiki hiyo hiyo Wizara ikachagua hospitali yetu kuzindua Makabidhiano Salama kitaifa, na Bwana Kilindo akapita vitandani kutafuta Mgonjwa wa Mfano. Wengi walikuwa wamekonda mno au walikuwa wanakoroma. Dada alikuwa amejaa vizuri, ana meno mazuri, na alipoulizwa kama anaweza kupunga mkono, akapunga.

"Nitatokea kwenye televisheni, Seifu," aliniambia siku moja kabla ya uzinduzi. "Niletee kile kitenge changu cha bluu, na viazi vitamu. Uji wao una maji kuliko kisima."

*

Nilifika asubuhi na kitenge, hotpoti ya viazi na chupa ya chai ya maziwa. Hema lilikuwa limeshasimama uwanjani, bango limetundikwa juu lenye herufi kubwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Chini ya bango, kwenye kiti cha magurudumu kilichopambwa maua ya karatasi, alikaa dada yangu, na utepe mwekundu umezunguka kiti na mabega yake kama zawadi ya harusi. Nesi Pili, aliyekuwa anatoka zamu, alikuwa amemchoma insulini kulipopambazuka kama kawaida, kwa kutegemea kwamba uji unakuja. Kabla uji haujafika, wakaja watu wa itifaki na kiti.

Mlangoni mwa hema mgambo aliishika hotpoti yangu.

"Vyakula vyote vinakwenda kamati ya chakula, kaka."

"Hivi ni vya mgonjwa. Yule pale."

"Hakuna anayekula kabla ya mgeni rasmi."

"Huyu amechomwa sindano ya sukari, bwana. Lazima ale."

"Na Mganga Mkuu ana vidonda vya tumbo, na hajala. Kaa chini."

Nikakaa. Ninalisema hili kwa sababu ndivyo tulivyo: tukiambiwa tukae, tunakaa kwanza, tunafikiri baadaye.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Baada ya muda mrefu mshereheshaji akatangaza kwa furaha kwamba Mheshimiwa amepata udhuru na atawakilishwa na Katibu wake. Tukasimama, tukapiga makofi ya heshima, jina likabadilishwa kwenye meza kuu. Jua likapanda. Ikatangazwa kwamba Katibu atawakilishwa na Mkurugenzi. Tukasimama tena. Kwaya ikaimba wimbo uliotungwa kwa ajili ya Waziri, ikabidi irudie kwa kuingiza jina la Mkurugenzi, ambaye naye kabla wimbo haujaisha akapata udhuru.

Nilimsogelea dada kwa nyuma.

"Seifu, mdogo wangu, njaa inaniuma," akasema.

"Vumilia kidogo, dada. Nashughulikia."

"Mwambie Mama asizime moto. Nakuja kusonga."

Mama yetu alikuwa na miaka thelathini kaburini. Nikamshika shingo, ilikuwa imelowa jasho baridi, na mikono yake ilikuwa inacheza juu ya mapaja.

"Mnamwona Mgonjwa wetu wa Mfano!" akapaza mshereheshaji. "Anatetemeka kwa furaha! Mpigieni makofi, jamani, ajisikie yuko nyumbani!"

Watu wakapiga makofi. Nesi Pili alikuwa ameshaona. Alimkimbilia Bwana Kilindo, nami nyuma yake.

"Bwana Kilindo, mgonjwa wangu ale sasa hivi. Sukari inashuka."

"Hilo limo kwenye risala?"

"Limo, ibara ya mwisho."

"Basi litafikiwa. Tukianza kuruka ibara, dada yangu, tutaishia wapi?"

"Nipe basi ufunguo wa kabati la dawa, nimwekee maji ya sukari kwenye mshipa."

Bwana Kilindo alimwonyesha meza kuu kwa kidole. Ufunguo wa kabati ulikuwa juu ya mto wa satini, umefungwa ua, ukingoja kukabidhiwa na mgeni rasmi baada ya utepe na risala. "Na wewe ulifaulu kuliko wote," akamwambia kwa masikitiko.

Pili akamgeukia Nesi Otmari, aliyekuwa amesimama na zamu inayoingia, glavu zake nyeupe mkononi. "Otmari, kaka yangu, mchukue. Mpeleke ndani."

Otmari alikuwa karibu kulia. "Namwona, Pili. Naapa namwona. Lakini sijampokea. Mwenzetu wa wodi ya wanaume, kwenye majaribio, alipokea mtu kabla ya utepe, leo anauza vocha stendi. Mimi nina watoto."

Hapo ndipo nilipoacha kuwa raia mwema. Nikaruka kamba, nikaenda meza kuu, nikachukua soda ya mgeni rasmi, nikaifungua kwa meno. Nilimfikia dada. Kichwa kilikuwa kimeshalalia bega. Nilimwinua kidevu, nikamsihi, "Dada, meza, meza kidogo tu," na nadhani alimeza funda moja. Iliyobaki ilimwagikia kitenge cha bluu, maana mgambo wawili walikuwa wameshanidaka. Nilipiga kelele. Niliwaambia anakufa, niliwatukana mama zao, nikawaomba radhi, nikawatukana tena. Wakanikalisha nyuma ya hema, kando ya jenereta, mmoja amenikanyaga kanzu.

Yaliyobaki niliyasikia kwenye spika. Mgeni rasmi alifika, akatambulishwa: Afisa Mifugo wa wilaya, aliyechukuliwa njiani akitoka kukagua josho.

"Nimesimama hapa," akasema, "kwa niaba ya Mkurugenzi, anayesimama kwa niaba ya Katibu, anayesimama kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri, ambaye kwa sasa ameketi. Itifaki imezingatiwa. Ndugu zangu, ng'ombe asipoogeshwa anapata kupe. Na mgonjwa je? Vivyo hivyo."

Aliendelea. Nawaambia aliendelea. Alizungumzia malisho, alizungumzia chanjo ya mbuzi, alisifu hospitali kwa kuwa na mgonjwa mtulivu kiasi kile, asiyesumbua wala kugeuka, mfano kwa wengine wote. Nilikuwa nabwata nyuma ya turubai, lakini jenereta lilikuwa na sauti kubwa kuliko mimi.

Utepe ukakatwa. Nesi Pili akapewa kipaza sauti asome risala, naye akasema kwa pumzi moja, "Ana kisukari, amechomwa insulini, hajala tangu jana, sukari imeshuka, wekeni maji ya sukari sasa hivi, sasa hivi!" Kipaza sauti kikazimwa. Ikasikika sauti ya Bwana Kilindo ikiwaomba radhi wageni na kuelekeza risala isomwe na mtu mwingine, kama ilivyopitishwa. Ikasomwa. Ilianza na kumshukuru Mwenyezi Mungu, ikafuata historia ya hospitali tangu enzi za mkoloni, na mafanikio, na changamoto. Ibara ya mwisho ilipofikiwa, ufunguo ukatolewa kwenye mto na Otmari akasema maneno aliyofundishwa: "Nimempokea mgonjwa katika hali ya utulivu."

Makofi yalikuwa ya ile aina ya tatu. Yalipokwisha, nikasikia Nesi Pili analia bila kipaza sauti, na turubai lote halikutosha kuizuia ile sauti.

*

Serikali yetu sikivu iliunda tume. Ilimhoji Nesi Pili, ikaridhika kwamba dada yangu hakufa katika zamu yake, kwa kuwa sherehe ilikuwa imeshafunguliwa. Ikamhoji Otmari, ikaridhika kwamba hakufa katika zamu yake pia, kwa kuwa daktari alisema alikata roho wakati wa chanjo ya mbuzi, na utepe ulikuwa bado. Mimi ilinihoji kuhusu soda.

Waziri alisoma matokeo mwenyewe, safari hii hakupata udhuru. "Ndugu wananchi," alisema, "marehemu hakufia mikononi mwetu, maana wakati huo hakuwa mikononi mwa mtu yeyote. Tangu tuzindue Makabidhiano Salama, vifo ndani ya zamu vimekoma." Nchi jirani zikaleta wajumbe kujifunza. Bwana Kilindo akapandishwa cheo. Nesi Pili akahamishiwa stoo ya mashuka, na nasikia siku hizi haongei kabisa.

Mnataka niendelee kutania. Siwezi. Nina hasira, na hasira yangu haina pa kwenda, kwa sababu kila mlango niliobisha nilikuta mtu ana haki. Mgambo alitii. Otmari alitii. Kilindo alifuata Mwongozo, na Mwongozo ulipitishwa kwa makofi. Dada yangu alikufa kwa njaa mbele ya watu mia walioshiba salamu, na chai yake ilikuwa bado ya moto kwenye meza ya kamati ya chakula.

Tulikwenda kumchukua, mimi na binamu zangu. Mochwari iko nyuma, karibu na jiko la kuchomea taka, na huko hakuna mgeni rasmi anayefika, kwa hiyo Mwongozo haukuitaja. Alitufungulia mzee mmoja mwenye koti lililopauka. Akauliza tumemfuata nani. Nikamwambia jina, jina la baba, na kitenge cha bluu. Akaenda, akarudi anasukuma kitanda, akafunua uso ili nione, akangoja niseme ni yeye. Nikasema ni yeye.

Tukaingiza mikono chini ya shuka, sisi upande huu, yeye upande ule.

"Ni mzito kidogo upande wa miguu," akasema. "Kuna bendeji, msiivute. Mmemshika?"

"Tumemshika."

"Wote?"

Binamu zangu wakaitikia mmoja mmoja. Mzee akatuangalia usoni kwanza, kila mtu, ndipo akaachia.